Ufunguo wa Banda la Mbata

Mama yangu alitolewa nchini akiwa na khanga mbili mwilini na kandambili za kuendea kisimani. Maofisa wa uhamiaji walimkuta uani kwake Mkwaja akianika mpunga kwenye mkeka. Walimwamkia shikamoo, wakapewa viti, wakanywa maji, kisha wakamwomba kibali cha kuishi nchini.

Hakuwa nacho. Mama alizaliwa Vanga, upande wa pili wa mpaka, Kenya, Mdigo kwa baba na kwa mama. Alikuja Mkwaja msichana, kwenye harusi ya jamaa zake, baba akamwona akamposa. Tangu hapo hakuna mtu aliyemuuliza habari za karatasi. Waliulizana habari za mvua, za nguruwe wanaoharibu mihogo, na nani kajifungua. Alimzikia baba wazazi wake wote wawili. Alinizaa mimi peke yangu, na mimi nilipoolewa nikahamia Tanga mjini, Nguvumali, ambako nashona nguo mpaka leo, alibaki na baba shambani katikati ya minazi. Baba alipofariki, akakaa eda yake humo humo.

Jirani ndiye aliyenipigia simu. Niliacha kitambaa cha watu kwenye cherehani, nikakimbilia ofisi walikomleta. Nilimkuta ameketi kwenye benchi, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri daktari. Ofisa mmoja, kijana mwenye adabu, alikuwa anamhoji.

"Mama, katika miaka yote hiyo hukuwahi kuomba kibali?"

"Kibali changu nimekizika mwaka jana, mwanangu," mama akamjibu. "Kaburi lake liko shambani. Nenda kalitazame."

Kijana akainamisha uso. Akaniambia pembeni kwamba sheria ni sheria, kwamba taarifa ikishaletwa hawezi kuifumbia macho. Nikamuuliza nani kaileta. Akasema, "Raia mwema."

Simlaumu yule kijana. Sijawahi kumlaumu. Lakini nilipotoka nje kutafuta maji ya kumpa mama, nilimwona ba'mdogo, mdogo wake baba, tumbo moja, ameketi kwenye kivuli ng'ambo ya barabara, kofia yake ya kiua imekaa sawasawa kichwani, anakunywa soda. Aliponiona alisimama haraka.

"Nimekuja kufuatilia suala la shemeji," akasema.

"Umejuaje kuwa yuko hapa?"

Akatazama chupa yake kana kwamba imeandikwa jibu.

Siku walipompeleka Horohoro mpakani nilifuata kwa basi. Nilimnunulia begi la nailoni, nikatia gauni, mswaki, sabuni na dawa zake za presha. Kwenye kizuizi aliniaga kwa kunishika mashavu yote mawili, akaenda. Alipofika katikati aligeuka, nikadhani ana usia wa kuniachia.

"Mpunga uangaliwe," akapaza sauti. "Kuku watamaliza!"

Kesho yake nikaenda Mkwaja kuuangalia mpunga. Mkeka haukuwapo uani. Ba'mdogo na mkewe walikuwa wameshahamia ndani ya nyumba, vitanda vyao viko kwenye chumba cha baba na mama. Mke wa ba'mdogo alinipokea vizuri, akanitandikia jamvi, akaniletea chakula kwa sababu nimetoka safari na nina njaa. Nilikuwa nimeshafika nusu ya sahani ndipo nikaujua ule wali. Mpunga wa mama una harufu yake, ule mwembamba wa bondeni aliokuwa akiuchagua mbegu kwa mkono. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya choo. Kisha nikanawa, nikarudi, nikaaga kwa heshima. Lakini ba'mdogo sikumwamkia tena shikamoo siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Kwetu, mtu asiyekuamkia ukiwa mahali pa baba yake amekutukana mbele ya mji mzima. Nilitaka aelewe hivyo.

Nilikuwa na haki yangu katika lile shamba, na kila mtu aliijua. Ba'mdogo naye alipata fungu lake tangu mirathi ilipogawanywa. Halikumtosha. Nilipodai, alieneza maneno kwamba mimi ni mtoto wa mgeni na kwamba nikizidi kuchokoza, uraia wangu nao utatazamwa. Mume wangu akaniomba niache. "Tuna watoto," alisema. "Utaanza kuulizwa babu zako." Nikanyamaza. Sikuacha, nilinyamaza tu. Nilipokuwa nashona nilimuwaza ba'mdogo. Nilipika nikimuwaza. Nikisimama kuswali nilimwombea mama, na baada ya mama nilimwombea ba'mdogo mambo ambayo sitayaandika hapa.

Nilizuru kaburi la baba mara kwa mara, na sisemi uongo: nusu ya safari ilikuwa ya kaburi, nusu nyingine nilikwenda kumtazama ba'mdogo kama ameanza kuanguka. Hakuanguka. Alichaguliwa mwenyekiti wa kitongoji. Aliezeka bati jipya. Alinunua lori la kupakia nazi na mbata, na msimu wa machungwa likawa linakwenda Muheza. Banda la kukaushia nazi ziwe mbata, ambalo baba alilijenga kwa miti na makuti, alilibomoa akajenga la matofali, na mlango wa chuma.

Katika moja ya safari hizo nilikuta mkutano wa kitongoji. Vijana wa Kihabeshi walikuwa wameonekana porini upande wa Saadani, wamekonda, miguu imechubuka, wamekamatwa wakila maembe mabichi. Habari kama hizo zilikuwa zimezoeleka pwani yetu. Wanashushwa na mashua au wanavushwa mpaka kwa magari, wanafichwa, wanasafirishwa kwenda kusini, na wengine hawafiki. Watu walikuwa wanabishana. Mmoja alisema wanaleta maradhi. Mwingine akasema serikali iwape chakula kisha iwarudishe. Mama mmoja muuza vitumbua akasema, "Mtoto wa mtu ni mtoto wa mtu, mimi akija mlangoni nampa uji, halafu ndio nimuulize kwao." Wakamcheka.

Ndipo akasimama mvuvi mmoja, Mpemba, mtu mzima aliyehamia Mkwaja siku nyingi.

"Mimi ngekuwa nshakufa," alisema. "Wakati ule wa ghasia kwetu Pemba tulikimbia kwa ngalawa usiku, tukaingia Kenya bila karatasi. Watu wa Shimoni walitupa nguo zao. Hawakutuuliza mmekuja kufanya nini. Waliona tunatetemeka."

Akaketi. Ba'mdogo akasimama. Alijua kusema, lazima nikiri.

"Ndugu zangu, huruma ni kitu kizuri," alianza, "lakini nchi ina mlango, na mlango una mwenyewe. Anayemficha mhamiaji haramu ni adui wa kijiji hiki. Mkimjua, mleteni kwangu, hata akiwa ndugu yangu. Mimi mwenyewe mnanijua. Nilimtoa shemeji yangu, mke wa kaka yangu niliyenyonya naye titi moja. Sheria haina shemeji!"

Wakapiga makofi. Si wote, lakini walipiga.

Nilikuwa nimesimama nyuma na wanawake wenzangu. Mwanamke mmoja alinishika mkono akidhani nitaanguka. Sikuwa naanguka. Mpaka siku hiyo nilikuwa najua bila ushahidi, na sasa amenipa ushahidi kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwa kujisifu. Nilisikia furaha ya ajabu ikinipanda kifuani. Nilijiambia, mtu anayejisifu hivi ana kitu anakifunika.

Ilichukua muda. Msimu wa machungwa ulikuja ukapita, ukaja mwingine. Siku moja ya Ijumaa nilikwenda Mkwaja kwenye hitima ya jirani, yule yule aliyenipigia simu siku ya mama. Wanaume wote walikuwa msikitini. Nikasema nipite kaburini kwa baba kabla ya kula.

Kaburi liko mwisho wa shamba, na njia inapita kando ya lile banda la matofali. Nilipolikaribia nilisikia mtu anakohoa. Kikohozi kikavu, kirefu, kisha kikakatika kama kimezibwa kwa mkono. Nikasimama. Nikasogea kwenye mlango wa chuma. Kufuli kubwa. Madirisha madogo yalikuwa yamezibwa kwa mabati kutoka nje.

"Nani humo?"

Nikasikia mtu anajikokota. Kisha sauti, karibu kabisa na mlango, ikasema neno moja: "Maji."

Niliinama penye uwazi chini ya mlango. Nikaona vidole. Jua la saa saba lilikuwa linaunguza, na bati juu ya banda likiwaka, na harufu iliyotoka mle sitaisahau: mbata iliyochacha, mkojo, jasho la watu wengi. Nilikimbilia kisimani, nikaokota chupa tupu za plastiki shambani, nikazijaza, nikazilaza na kuzisukuma moja moja chini ya mlango. Nilisikia wakigombania, kisha mmoja akawakemea kwa lugha yao, wakatulia.

Yule aliyekemea ndiye aliyejua Kiswahili. Alijifunza Kenya, kambini.

"Dada, asante," alisema. "Mmoja huku hasimami tena."

"Nani kawafungia?"

"Mzee wa kofia. Anasema kesho gari. Kila siku anasema kesho."

"Kwenu kuna nini?"

"Vita. Kaka yangu walimchukua nyumbani, hakurudi. Kambini niliomba hifadhi, nikangoja, nikangoja. Nikaona nitazeeka." Akavuta pumzi. "Fungua, dada."

Kulikuwa na shoka ukutani kwa mama mwingine jirani. Ningeweza kulichukua nikavunja kufuli, wakatawanyika msituni, na ba'mdogo akirudi kutoka msikitini angekuta banda tupu na kukana kila kitu. Nililifikiria hilo kwa muda mfupi sana. Nilikuwa nataka watoke, Mungu ni shahidi yangu, na nilikuwa nataka watoke yeye akiwapo.

"Nakuja kufungua sasa hivi," nikamwambia. "Nakwenda kuchukua ufunguo."

Nilifika msikitini watu wanavaa viatu. Mwanamke hasimami mlangoni pa msikiti hivi hivi, kwa hiyo wote waliniona. Ba'mdogo alikuwa katikati ya wazee, kanzu nyeupe, anacheka. Nilisubiri mpaka anione. Nikamwita kwa sauti niliyoitia asali.

"Ba'mdogo, naomba ufunguo wa banda la mbata."

Kicheko kikamkatika. "Ufunguo wa nini?"

"Wa banda. Wageni wako wana kiu."

"Wageni gani? Huyu mtoto kachanganyikiwa," akawaambia wazee, akajaribu kutabasamu. "Rudi kwenye hitima, mwanangu, tutaongea nyumbani."

"Nimewapa maji lakini hayatoshi. Mmoja hawezi kusimama. Wanasema mzee wa kofia kawafungia, nami nimewaambia nakuja kukuomba ufunguo. Nipe, nisiwe mwongo."

Niliyaona macho ya watu yakitoka kwangu yakienda kwake. Yule mvuvi Mpemba akapenya katikati ya wazee, akanyoosha kiganja.

"Mwenyekiti, lete ufunguo."

"Sina ufunguo! Lile banda nimelikodisha!"

"Kwa nani?" mtu akauliza nyuma.

Ba'mdogo akashika kofia yake. Mpemba hakubishana naye. Aligeuka, akaondoka kuelekea shambani, na msikiti mzima ukamfuata. Ba'mdogo akafuata pia, sijui kwa nini. Labda alijua akikimbia ataonekana anakimbia. Walivunja kufuli kwa shoka la mama jirani. Mlango ulipofunguka vijana walitoka wakijikinga macho, wengine wakikaa chini hapo hapo kwenye mchanga. Yule asiyeweza kusimama walimbeba kwenye mkeka. Muuza vitumbua alikuja na sufuria ya uji wa hitima, akaanza kugawa.

Nilisimama mbele ya ba'mdogo, karibu kiasi cha kumsikia anavyohema.

"Umeridhika?" akaniuliza chini chini.

"Bado," nikamjibu.

Polisi walikuja alasiri. Walimchukua ba'mdogo, dereva wa lori alikamatwa Muheza siku hiyo hiyo, na mgonjwa alipelekwa hospitali. Vijana wengine nao walipakiwa kwenye karandinga. Yule wa Kiswahili, akiwa anapanda, alinitafuta kwa macho akanipata.

"Dada, sasa wapi?"

Nilimpa khanga yangu ya juu, kwa sababu shati lake lilikuwa limechanika mgongo mzima.

Wazee wa ukoo walikuja Nguvumali kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Walikuja watatu, kwa heshima, na zawadi ya madafu. Niliwaamkia, nikawapa chai na mkate wa kumimina, nikakaa chini kuwasikiliza. Walisema yaliyopita yamepita. Walisema ba'mdogo ana sukari, gereza litamuua, na jina la ukoo linachafuka. Walichoniomba kilikuwa kidogo: niseme mahakamani kwamba vijana hawakumtaja mtu.

"Siku mama yangu anachukuliwa," niliwauliza, "ninyi mlikuwa wapi?"

Wakatazamana.

"Mimi nawajibu. Mlikuwa Mkwaja. Hakuna aliyekuja Tanga kukaa naye kwenye lile benchi. Na aliposema sheria haina shemeji, mlikuwapo mkutanoni, na mzee wangu wewe hapo ulipiga makofi, nilikuona. Sasa na mimi nasema haina ba'mdogo. Kunyweni chai, inapoa."

Hawakuimaliza chai.

Jioni mama akapiga simu kutoka Vanga. Walikuwa wamemfikia na yeye.

"Mwanangu, mwache. Mimi huku nina dada zangu, nalala vizuri."

"Umemsamehe, mama?"

"Nimechoka kumbeba."

"Basi mtue. Mimi nitambeba."

"Una kichwa cha baba yako," akasema, akakata.

Mahakamani nilivaa gauni nililolishona kwa ajili ya siku hiyo. Ndiyo, nililishona makusudi, kijani kilichoiva, na mtandio wake. Nilitaka aniangalie. Mwendesha mashtaka aliniuliza mshtakiwa ni nani kwangu, nikasema ni ndugu wa marehemu baba yangu. Nikaeleza kikohozi, kufuli, vidole chini ya mlango, maneno ya yule kijana. Wakili wa ba'mdogo akasema nina kisasi kwa sababu ya mama yangu.

"Ni kweli," nikasema. "Ninacho. Lakini kufuli sikulifunga mimi."

Hakimu akaandika. Ba'mdogo alikuwa ameshika ukingo wa kizimba, bila kofia, na nilikuwa sijawahi kumwona bila kofia. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Alifungwa, na lori likataifishwa. Mkewe alilia kwa sauti kwenye korido, na mimi nilipita kando yake nikashuka ngazi.

Kesi ya wale vijana ilikuwa nyingine. Nilikwenda kuisikiliza, nikakaa nyuma. Wengi walikiri kuingia nchini bila kibali na wakahukumiwa. Yule wa Kiswahili alipoulizwa kama ni kweli aliingia bila kibali, alisema ni kweli, kisha akasema, "Naomba hifadhi. Nikirudi nitakufa." Watu wakanong'ona. Mtu mbele yangu akamwambia mwenzake wote wanasema hivyo hivyo, wamefundishwa. Mwenzake akamjibu, "Na kama huyu ni kweli?" Hakimu aliahirisha shauri lake, akaamuru ahojiwe na wanaohusika na wakimbizi. Nilirudi siku iliyopangwa nikaambiwa amehamishwa. Wapi, hakuna aliyekuwa tayari kuniambia, kwa kuwa mimi si ndugu.

Nyumba ya Mkwaja niliirudisha kwa njia ya mahakama, na safari hii hakuna aliyethubutu kunitisha kwa uraia. Mke wa ba'mdogo aliniomba abaki hadi avune. Nikamkubalia avune, nikabaki pale nikimtazama anavuna, kisha akaenda kwa kaka zake.

Mama alikuja kwa kibali cha kutembea, kimegongwa muhuri pale Horohoro na mtu mdogo kuliko mimi. Aliingia uani kwake kama mgeni, akazunguka nyumba mara moja, akalalamika juu ya kisima. Siku ya pili akapika, akafunga chakula kwenye hotipoti, akaniambia anakwenda gerezani kumwona shemeji yake. Nilimwambia sitampeleka. Akasema hajaniomba. Alikwenda, akarudi na hotipoti tupu, akaniambia tu kwamba amekonda.

Muda wake ulipoisha nilimsindikiza mpakani. Niliporudi mjini sikushuka Nguvumali. Nilikwenda moja kwa moja gerezani, mikono mitupu, nikaandikisha jina langu. Ba'mdogo aliletwa, akakaa upande wa pili wa wavu. Suruali ilikuwa inampwaya. Tulikaa hivyo, na watu kila upande wakipashana habari za watoto na za mashamba.

"Umekuja kunitazama," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Mama yako aliniletea wali."

"Najua."

"Wewe hukuleta kitu."

"Sikuleta."

Akatikisa kichwa, akainua uso ili nimwone vizuri. Nilimtazama mpaka askari akasema muda umekwisha. Nilitoka nje juani, nikanunua muwa, nikautafuna nikitembea hadi nyumbani. Mwezi uliofuata nikaenda tena.